Mchanga wa Plasta kwa Samaki wa Ta Deo

Wengi mnanipigia simu, na mkishamaliza kunisalimia swali lenu huwa lile lile: Ma Justa, mchanga wa kuweka chini ya tangi la samaki niununue wapi? Na mimi nawauliza, jirani yako yeyote anajenga? Mnacheka, mkidhani natania. Sitanii. Miaka yote niliyotengeneza matangi ya samaki hapa Bukoba, mchanga niliouamini kuliko mwingine ni ule wa kupigia plasta, uliobaki baada ya fundi kuondoka, ambao mwenye nyumba anashukuru ukimwondolea mlangoni.

Sasa nimestaafu. Vidole vimechoka kushika vioo, na nikipiga mstari wa kukatia, macho hayauoni vizuri. Nimebaki na migomba yangu hapa Rwamishenye, na tangi moja sebuleni ambalo wajukuu hulipigia kelele kuliko televisheni. Kazi mmeichukua ninyi na mnaifanya vizuri. Mna pampu zisizonguruma, mna taa zinazobadilika rangi kwa simu. Sioni wivu, ila kidogo kwenye hizo pampu. Lakini samaki hajabadilika na mchanga haujabadilika, ndiyo maana nimeona nikae niwaandikie.

Kazi nilifundishwa na Ta Erasto. Kwetu Uhayani, Ta ni neno la kumheshimu mwanaume aliyekuzidi umri, na Ma ni la mwanamke. Alikuwa fundi vioo mjini, Mlutheri wa kutokosa ibada, mtu wa maneno machache na mikono iliyojaa makovu. Nilikwenda kwake nikitaka picha ya marehemu baba iwekewe kioo. Siku hiyo aliyekuwa akimsaidia hakuja, akaniomba nimshikilie upande mmoja wa kioo cha dirisha. Nilishika. Aliponiona sitetemeki, aliniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia nasaidia kwenye duka la shangazi. Akasema shangazi anaweza kupata mtu mwingine wa kupima sukari. Hivyo ndivyo nilivyoingia.

Matangi ya samaki alikuwa ameyaanza kwa ajili ya vipande. Fundi vioo hubaki na vipande vingi ambavyo havitoshi dirisha, na yeye hakupenda kutupa kitu. Alijifunza kuviunganisha kwa silikoni. Tangi la kwanza lilivuja hadi mkeke ukaloa. La pili nalo likavuja, lakini kidogo. Nilipofika mimi, tayari nyumba kadhaa za mjini na ofisi mbili tatu zilikuwa na matangi yake, na kazi yangu ikawa mchanga.

Nilidhani mchanga ni mchanga tu. Ta Erasto akanipa chupa tupu ya jemu. Akaniambia nitie konzi moja ya mchanga, nijaze maji, nitikise, niweke mezani, kisha niende nikanywe chai. Nikirudi nitazame. Maji yakiwa bado kama chai ya maziwa, mchanga huo una udongo mwingi. Utauosha mpaka mgongo uume, na mara nyingi ni afadhali kutafuta mwingine. Maji yakitulia yakawa maangavu na mchanga ukalala chini, hapo una kitu. Juu ya maji ukiona ngozi nyembamba yenye rangi za upinde wa mvua, kama kwenye dimbwi la mahali wanapotengenezea magari, mwaga na usiulize zaidi. Hayo ni mafuta, na mafuta hayaoshwi na maji yakaisha.

Kipimo kingine ni siki, au limau kali kama siki huna. Dondoshea juu ya mchanga mkavu. Ukitoa povu, una chokaa au vipande vya makombe, nao utabadilisha maji yako siku baada ya siku. Kuna mteja wetu mmoja mwenye nyumba ya wageni alikwenda Dar es Salaam, akarudi na mchanga wa bahari kwenye sanduku la nguo, mweupe, mzuri wa kuvutia. Ta Erasto aliudondoshea siki, ukafoka kama soda. Mteja akabaki ameinama akiutazama. Ta Erasto akamwambia autie kwenye bilauri, auweke kabatini, autazame akikumbuka safari. Samaki wake wadogo wa madukani wamezoea maji laini, yasiyo na chokaa, hawangekaa humo vizuri.

Mchanga wa nyumba inayojengwa upitishieni sumaku iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni, maana mafundi wetu hudondosha misumari kama vile wanapanda mbegu. Angalieni pia usiwe umechanganywa na saruji. Halafu usugueni katikati ya vidole. Ule unaotoka kwenye mashine za kuvunja kokoto una ncha, unachoma. Msiuweke kwa furu hata siku moja. Furu, wale samaki wadogo wa ziwa letu, hula kwa kuchota mchanga mdomoni, wakachuja walichokitaka, wakautoa kwenye mashavu. Na mama yao hutunza mayai mdomoni. Mchanga wenye ncha kwake ni kama mimi na wewe tupewe ugali wenye chupa zilizovunjika.

Nawaambia haya kwa sababu ni kazi yenu, lakini pia kwa sababu ya Ta Deo.

Ma Vene, mkewe, ndiye aliyefika kwanza. Tuliona mwanamke anasimama mlangoni kwa Ta Erasto amebeba mkungu mdogo wa ndizi, kwa sababu hakutaka kuingia kwa watu mikono mitupu. Alikuwa ametoka Kemondo. Mumewe alikuwa fundi mitumbwi, na nusu ya waliokuwa wakivua maeneo yale walivua kwa mitumbwi aliyoipigilia yeye. Akapata kiharusi. Upande wa kulia ulilegea, mkono ukawa kama si wake. Maneno yalirudi baada ya muda, lakini aliamua kutoyatumia. Analala ametazama ukuta, alisema Ma Vene. Wageni wakija anafumba macho. Muuguzi aliyekuwa akimfuatilia alimpa mpira mdogo wa kuminya ili vidole viamke, akautupa chini ya kitanda, na kila ulipookotwa uliishia kule kule.

Halafu akatueleza jambo lililomleta. Walipompeleka zahanati moja kupimwa presha, pale mapokezi palikuwa na tangi la samaki. Ta Deo aliwekwa kwenye benchi mbele yake. Alipoitwa jina lake hakusikia. Alikuwa akimfuata samaki mmoja kwa macho, huku na huku, huku na huku.

"Tangu augue sijamwona akifuata kitu kwa macho," Ma Vene alisema. "Hata mimi hanifuati."

Alitaka tangi, dogo kuliko yote, na alitaka kujua kama linaweza kutengenezwa na vitu vya bei ya chini, maana kahawa ilikuwa bado haijaiva na dawa zilikuwa zimekula kila kitu. Ta Erasto alikwenda nyuma, nikasikia akichambua vipande vya vioo. Aliporudi aliniambia tu kwamba tangi hilo ni langu, nilitengeneze na nilipeleke mwenyewe.

Nilifika Kemondo kwa pikapu iliyokuwa imeshusha ndizi mjini na kurudi tupu, nimelipakata tangi kama mtoto. Nyumba yao ilikuwa juu ya bandari, katikati ya migomba. Ta Deo alilala kwenye kitanda walichokihamishia sebuleni. Alikuwa mtu mkubwa, mabega ya mtu aliyeranda mbao maisha yake yote. Nilimsalimia kwa Kihaya kama inavyopasa. Hakugeuka.

Ma Vene alikuwa ameshatayarisha mchanga. Ndoo nzima. Alikuwa ameuchota mwenyewe kule chini ufukweni, pale mumewe alipokuwa akijengea mitumbwi. Aliona ni jambo jema mara mbili: hauna gharama, na ni mchanga wake. Nilijua kwa harufu tu kabla sijautia kwenye chupa, lakini niliutia, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa. Tukakaa. Maji yalipotulia, ile ngozi ya rangi za upinde wa mvua ikajitandaza juu, nzito, hata ukiipuliza haikatiki vizuri. Miaka na miaka ya injini za mitumbwi kushushwa, kufunguliwa, kumwagwa mafuta pale pale.

Nilimwambia kwa sauti ya chini kwamba samaki hawawezi kuishi humo. Alinivuta jikoni. Akaniambia niende nikatafute mchanga mwingine unaofanana, nirudi nao, na tusimwambie. Tayari alikuwa amemweleza mumewe kwamba mchanga wa tangi ni wa pale pake pa kazi, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alimwona ametikisa kichwa kukubali. Hakutaka kumnyang'anya hilo. Sikumlaumu. Mtu aliyemuuguza mgonjwa wa namna ile anashika chochote kinachoshikika. Lakini sikumwahidi kitu.

Mchanga niliupata kwa jirani yangu aliyekuwa amemaliza plasta ya vyumba viwili. Ulikuwa umechekechwa tayari, punje zake za mviringo, rangi ya kahawia iliyofifia kama mkate. Nilipitisha sumaku, nikapata misumari na kipande cha waya. Siki haikutoa povu. Kwenye chupa ulichafua maji kidogo, kisha ukalala. Ningeuosha nyumbani kabisa, lakini wiki ile maji yalikuwa yamekatika mtaani kwetu, kwa hiyo niliubeba kama ulivyo kwenye mfuko wa unga uliokung'utwa ukawa safi, nikijua Kemondo watakuwa na maji ya kuteka.

Siku hiyo nilimkuta Ma Vene amevaa kwenda msibani. Mama mmoja jirani alikuwa amefariki na haikuwezekana akose. Aliniomba nibaki na mgonjwa, niendelee na kazi yangu, atarudi mara akishawapa pole wenyewe. Akainama akamwambia mumewe sikioni, kwa sauti niliyoisikia vizuri, kwamba Justa amekuja na ule mchanga wa ufukweni, ameshautoa takataka. Akaondoka bila kunitazama.

Nilianza kuosha pale pale sebuleni, mlangoni penye mwanga. Na hapa niwaambie namna ya kuosha. Msijaze beseni. Tieni mchanga robo, maji juu yake, korogeni kwa mkono hadi chini kabisa, mwageni maji machafu taratibu kabla mchanga haujatoka nayo. Rudieni. Mtu asiye na subira huishia katikati, akaujaza tangini, kisha akashangaa maji ni ya ukungu wiki nzima. Maji mliyooshea, migomba huyapenda, msiyamwage njiani.

Nilihisi nikitazamwa. Ta Deo alikuwa amegeuka. Si kichwa tu, mwili pia, kwa kadiri alivyoweza. Alikuwa akitazama beseni.

 Nilileta kiti, nikamsaidia kuketi, nikamwekea mto mgongoni. Nikatandika turubai juu ya magoti yake na kumpakatisha beseni dogo lenye mchanga na maji. Niliwaza tu kwamba atauona vizuri zaidi. Aliingiza mkono wa kushoto. Akachota konzi, akaisugua kwa dole gumba polepole, akaiacha ianguke, akachota tena.

"Huu si wa hapa," alisema.

Sauti ilikuwa nzito na nusu ya maneno ilitokea upande mmoja wa mdomo, lakini ilieleweka kabisa.

"Si wa hapa, Ta," nikamjibu. "Ni mchanga wa plasta, nimeutoa kwa jirani yangu mjini. Ule wa hapa una mafuta ya injini. Samaki wangekufa."

 Nikaona kona ya mdomo iliyokuwa nzima ikipanda juu.

"Mafuta hayo nimeyamwaga mimi."

Alikuwa akicheka. Ilinichukua muda kuelewa kwamba kile kifua kinachotikisika ni kicheko, nikacheka naye. Kisha akaacha mzaha. Aliniuliza kwa nini mkewe amemwambia ni wa hapa. Nilimwambia ukweli kama nilivyouona: anaogopa ukipata jambo la kukuvunja moyo utarudi ukutani.  Alishika mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, kama mtu anayebeba kitu cha watu, akaulaza ndani ya beseni, akaufukia mchanga juu.

Maji yalikuwa ya uvuguvugu wa jua. Tulikaa hivyo, mimi na beseni langu mlangoni, yeye na lake magotini. Baadaye niliona uso wa mchanga wake unapasuka, mstari mwembamba, kama pale panya fuko anapopita chini ya udongo. Vidole vilikuwa vikisogea. Kidogo sana. Nilitazama pembeni ili asione kwamba nimeona.

Ma Vene aliporudi alisimama mlangoni na khanga yake ya msiba. Mumewe ameketi. Turubai limeloa, sakafu imeloa, na mkono ule uliokuwa ukilala kama gogo umezama kwenye mchanga hadi kwenye kifundo.

"Vene," alisema Ta Deo, "usinidanganye tena. Kilichokufa ni mkono tu."

Ma Vene alivua viatu, akafunga khanga vizuri kiunoni, akaketi chini karibu na magoti ya mumewe na kuanza kumwaga maji machafu na kuongeza masafi.  Nilitoka nje nikajifanya natazama migomba.

Tangi lilikaa kwenye meza imara ubavuni mwa kitanda. Tulitia mchanga kwanza, tukaweka sahani juu yake, na maji tukayamimina juu ya sahani ili yasiuchimbe. Sahani ya udongo ikitolewa taratibu, chini panabaki pamelala kama shuka. Tukaliacha na pampu yake hadi maji yakakomaa yakafaa kwa samaki, ndipo nikaleta furu wachache niliowapata kwa kijana anayewafuga. Dume mmoja, mwenye mgongo wa bluu, hakumaliza siku nyingi akaanza kuchimba. Alichota mchanga mdomoni akaenda kuutema pembeni, tena na tena, hadi akapata shimo la mviringo kama bakuli. Ndivyo madume wanavyowaita majike. Ta Deo alimtazama kama fundi anavyomtazama fundi mwingine. Alimwambia Ma Vene asisogeze taa, inamsumbua mwenye kazi.

Halafu akaniomba mchanga mwingine. Si wa tangi lake. Alitaka wa kuosha. Nilikuwa na wateja, na mchanga wa wateja lazima uoshwe, kwa hiyo nikawa namletea kila nilipopata usafiri. Muuguzi wake, dada mpole ambaye kwa kweli ndiye aliyekuwa akihangaika na mkono ule tangu mwanzo, alipolikuta beseni alivuta kiti akatazama. Akasema alichokuwa akikitaka ni hicho, vidole vifanye kazi ndani ya kitu kinachovipinga kidogo, na kama Ta Deo anapenda mchanga kuliko mpira, basi yeye hana ugomvi. Akamwonyesha namna ya kufungua kiganja chini ya mchanga na kukifumba, kugeuza kifundo, kusukuma kwa kidole kimoja kimoja. Akamwonya kukausha mkono vizuri na kutazama michubuko, kwa sababu ngozi isiyohisi huumia bila taarifa. Mchanga wa Ta Deo ukawa msafi kuliko wangu. Ta Erasto aliupokea, akautia kwenye chupa ya jemu, akatikisa, na hakuhitaji kwenda kunywa chai.

Lakini msidhani ilikuwa kupanda tu. Kuna siku Ma Vene alinipigia simu akisema samaki wanahema juu ya maji na nyumba inanuka mayai viza. Nilipofika, furu wawili walikuwa wamekufa, na mmojawapo ni yule dume wa bluu. Niliona shida kabla sijaweka mkoba chini. Ta Deo alitaka tangi lifanane na ufukwe, lenye mwinuko, kwa hiyo kila alipoosha mchanga mzuri alimwomba mkewe aongeze kidogo. Mchanga ulikuwa umepanda hadi karibu na katikati ya kioo, na kule chini ulikuwa mweusi. Kumbukeni hili ninyi mnaoanza: mchanga wa kina cha vidole viwili vya mkono, vilivyolala, unatosha. Ukizidisha, hewa haifiki chini, uchafu unaoza pale, na siku ukiuchokoza unatoa sumu. Hata huo wa vidole viwili uchokoeni kwa kijiti mara kwa mara, polepole, ili upumue.

Nilimweleza bila kupunguza neno, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa ameshasema asidanganywe. Aligeuza uso ukutani. Ma Vene, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti, alinishika kiwiko kwa nguvu, na nilijua anachokitazama. Alikuwa akitazama ule ukuta.

Ta Deo akatugeukia, akasema, "Leteni kijiko kikubwa."

Niliwahamisha samaki waliobaki kwenye ndoo yenye maji yao, nikamwaga yaliyosalia tangini. Kijiko tulikileta, akakishika kwa mkono wa kulia. Kilianguka. Nilitaka kukiokota, Ma Vene akanizuia kwa macho. Ta Deo alikiokota mwenyewe kwa kushoto, akakipanga upya kati ya vidole vya kulia, akavifunga kimoja kimoja juu ya mpini. Ndivyo alivyoutoa ule mchanga mweusi, kijiko baada ya kijiko, mwingi ukimwagikia mezani na kwenye shati lake, mpaka tukaona kioo cha chini. Ilichukua sehemu kubwa ya mchana. Harufu ilikuwa mbaya na hakuna aliyetoka nje. Alipomaliza alikuwa amelowa jasho, na alilala bila kula. Alilala ametazama tangi tupu.

Tukaanza upya, vidole viwili. Jike mmoja kati ya waliobaki alikuwa amevimba koo, nami nilidhani ameathirika. Kumbe alikuwa na mayai mdomoni muda wote ule. Aliyabeba kwenye maji mabaya na kwenye ndoo, bila kula, na baadaye akawatema watoto wadogo kama punje za uwele, wakajificha mchangani. Ma Vene ndiye aliyewaona kwanza. Alimwita mumewe kama mtu anayeita mlangoni kwa jirani, kwa jina la ujana ambalo sikuwahi kumsikia akilitumia.

Ta Deo hakurudi kujenga mitumbwi. Alijifunza kutembea kwa fimbo hadi mwisho wa migomba na kurudi. Mguu ulibaki ukiburuta na mkono ukichoka ulitetemeka. Lakini alioshea wateja wetu mchanga kwa miaka, na aliutia kwenye mifuko mwenyewe, nao walinunua kwake kwa bei nafuu kuliko kokoto za rangi za madukani, ambazo rangi yake hubanduka ikawapaka samaki.

Siku ambayo siwezi kuisahau ni ile mtoto wao wa kiume alipotaka kuoa. Msichana alikuwa wa Kimwani, kule Muleba, na baada ya mazungumzo kufika mbali wazee wa upande wake walikuja Kemondo kuwaona watu wa nyumba hiyo. Nilialikwa, nikaketi na akina mama. Kwetu mgeni akifika hupewa kahawa ya kutafuna, zile punje zilizochemshwa na kukaushwa, kwenye kikapu kidogo, na mwenye nyumba humpa kwa mkono wa kulia. Kumpa mtu kwa kushoto ni kumdharau. Nilifahamu kutoka kwa Ma Vene kwamba hiyo ndiyo sababu mumewe alikuwa akifumba macho wageni wakija. Hakuwa na mkono wa kuwakaribisha.

Kaka yake mdogo alisimama ili atoe kahawa kwa niaba yake, kama walivyokubaliana. Ta Deo akamwambia aketi. Aliinuka kwa fimbo, akaiegemeza kitini, akapokea kikapu kutoka kwa Ma Vene kwa mkono wa kulia. Aliwapitia wageni mmoja mmoja akiburuta mguu. Mkono ulitetemeka, na punje zikawa zinadondoka sakafuni kila alipoinama. Mzee wa Kimwani, aliyekuwa wa kwanza, alipokea kwa mikono miwili na kusema, "Kaboneke, waitu," salamu ya heshima tunayompa mkubwa. Hakuna aliyesogea kuokota zilizoanguka. Alimaliza wageni, akaja upande wetu akina mama, na mimi nikawa wa mwisho. Kikapuni zilikuwa zimebaki chache. Alininyooshea, nami nikachukua moja, nikaitafuna nikiwa nimeinamisha kichwa ili asione uso wangu.